Ijumaa ya Maji ya Bandia

Mtu aliyejenga bahari ndani ya jumba, katika mji ambao bahari iko pale mlangoni bure, alikuwa anatuona wajinga. Na hakukosea, maana Ijumaa hiyo nilikuwa kwenye foleni yake na mfuko wa taulo begani, pamoja na mdogo wangu na mtoto wangu wa miaka miwili na miezi minane.

Wenzangu wa kliniki ndio walionitia wazimu huo kichwani. Mimi ni muuguzi hapa Doha, mwaka wa pili sasa. Mmoja wao alisema mwanawe hulitaja jumba hilo mpaka usingizini. "Mpeleke wako," akaniambia, "atakupenda kufa." Wee, maneno hayo yalinichoma, na yeye hakujua amegusa wapi. Mtoto wangu alikuwa amefika kwangu wiki tatu kabla, kwa viza ya matembezi ya mwezi mmoja, na katika wiki hizo zote hakuwa ameniita mama hata mara moja. Aliniita anti ingine. Anti mwenyewe alikuwa mdogo wangu, aliyemleta kwa ndege. Mimi nilikuwa ile ingine.

Ukisikia hivyo utadhani mtoto ana kasoro kichwani. Hana. Wenye makosa ni sisi watu wazima.

Nilimwacha Nakuru kwa mama yangu akiwa na miezi kumi na mmoja. Kila jioni mama aliegemeza simu kwenye chupa ya chai, akamkalisha mtoto mbele yake, akamwambia, "Mama ako kwa simu, msalimie." Mimi nikitokea naanza na salamu yetu: "Nani huyo mrembo?" Naye anajibu, "Ni mimi!" halafu ananibonyeza pua kwenye kioo kwa kidole chake. Siku nikiwa zamu, mama anamwambia mama amelala ndani ya simu. Moto wa simu ukiisha, mama anakula, tumwekee chaja ashibe. Tulicheka sana na hayo, na mimi ndiye niliyecheka kuwashinda wote. Basi mtoto akaamini alichoambiwa: mama ni mtu mdogo anayeishi ndani ya simu na kula umeme.

Uwanja wa ndege nilimpigia magoti, mikono wazi, machozi yananitoka mbele ya watu. Akajificha nyuma ya mdogo wangu. Aliponichungulia akaona nalia, akamvuta anti yake sketi na kumwambia kwa huruma kabisa, "Anti, pigia mama."

Mdogo wangu alicheka, kisha akaniona uso akaacha.

Tulijaribu kumweleza. "Huyu ndiye mama." Akatucheka. Mama ako kwa simu, alisema, kama mtu anayewafundisha wapumbavu. Jioni ya tatu, nikiwa nimekaa naye mkeka mmoja katika chumba changu cha mtaa wa Muaither, alidai simu amsalimie mama, na hapo roho mbaya ikanipanda. Nilijionea wivu mwenyewe. Niliamuru kwamba simu za video zimekwisha, hata nyanya yake tutampigia kwa sauti tu, na mtoto nikamwambia mama wa simu amesafiri. Nilidhani nikimwondoa yule, nafasi itabaki yangu. Sikufikiria kwamba mtoto wa miaka miwili angekaa zaidi ya wiki mbili akimngojea yule aliyesafiri, akimwekea hata kipande cha chapati chini ya kitambaa.

Kwa hiyo zilibaki siku nane, na mimi sina jina kwa mtoto wangu, ndipo nikaenda kununua mapenzi kwenye jumba la maji.

Mlangoni walitufunga bangili za karatasi mkononi, kama wagonjwa wangu. Wakapekua mfuko, wakatoa mandazi yangu na ndizi, ati chakula cha nje hakiingii. Ndizi ya mtoto, jamani! Ndani kuna duka linalouza chipsi baridi na soseji zenye rangi ya kidonda, hiyo ndiyo inayoruhusiwa. Mtoto naye lazima avae nepi maalumu ya majini, na nepi hiyo, bahati njema iliyoje, inauzwa palepale tu. Nikasonya mpaka mdogo wangu akanikanyaga mguu.

"Dada, wewe hata peponi utatafuta kasoro."

"Peponi hawataninyang'anya ndizi."

Tukabadilisha nguo. Simu zetu mbili tukazifungia kwenye kikabati, maana simu ya mdogo wangu ilikuwa mpya na hakutaka ilowe. Mtoto alisimama akitazama nikizungusha ufunguo, kidole mdomoni. Sikulitilia maanani.

Sasa hayo mandhari yenyewe. Juu kuna mbingu iliyochorwa, na mawingu yake, na doa la unyevu mahali fulani karibu na jua. Chini kuna minazi ya plastiki. Baridi ya kiyoyozi inakuingia mifupani, na harufu ya dawa ya maji ni ileile ya sakafu ya wodi. Nilikuwa nimelipa ili nirudi kazini nikiwa nusu uchi. Kuna mto unaozunguka jumba zima usifike popote, na ndani yake wanaume wazima, watu wenye vyeo na pengine digrii mbili, wamelala kwenye maboya, matumbo juu, macho yamefumbwa, wanazungushwa. Kila baada ya muda king'ora kinalia, mashine inatoa mawimbi, watu wanashangilia. Kule Al Wakrah, kusini mwa mji, mawimbi yanapiga ufukwe kutwa na sijaona mtu akiyapigia makofi.

Akina mama niliwadharau zaidi. Kila mmoja ameinua simu iliyovikwa mfuko wa plastiki, anampiga picha mtoto anayelia baridi, anamwambia cheka, cheka. Mtoto akicheka sekunde moja, picha imepatikana, mama anainama kwenye kioo na mtoto anarudi kulia peke yake. Niliwatazama kwa jicho baya kweli. Mimi ambaye mtoto wangu nimemlea kwa kioo karibu miaka miwili, ndiye niliyesimama pale kuwahukumu.

Akatujia kobe. Kobe mkubwa kuliko mlango, mwenye manyoya. Kobe wa manyoya! Sijui walimwona katika nchi gani. Watoto wengine walimkimbilia wakimkumbatia, wangu akasimama kumchunguza mdomo uliokuwa wazi, na ndani ya mdomo kulikuwa na macho mawili yaliyochoka.

"Kuna mtu ndani," akasema.

"Eeh, kuna mtu," mdogo wangu akajibu.

"Atatoka saa ngapi?"

"Hatoki," nikasema mimi. "Analipwa akae humo."

Mtoto alinitazama, akamtazama kobe, akampungia mkono polepole kama anayeaga mgonjwa.

Kidimbwi cha wadogo kilikuwa na maji ya kufika vifundoni tu, na hata hayo niliyaogopa, maana sijui kuogelea. Nikasimama ukingoni nikiita, "Kuja, kuja kwa mimi!" kwa sauti ya kujipendekeza ambayo hata mimi iliniudhi. Alikwenda kwa anti yake. Nikamnunulia mdoli wa samaki, akampa anti yake amshikie. Nikamrushia maji kidogo, kama nilivyoona wengine wakifanya, akajifuta uso na kuniambia, "Wacha." Nilijikaza kisabuni. Niliapa sitalia mbele ya kobe.

Kumbe juu ya kidimbwi hicho kuna ndoo. Ndoo kubwa ya kutosha ng'ombe, imetundikwa kwenye nguzo, inajaa taratibu, na ikijaa kengele inalia halafu inapinduka juu ya vichwa vya watoto. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Kuna mtu alikaa ofisini akafikiri, mtoto mdogo anapenda nini? Akaamua anapenda kumwagiwa pipa la maji baridi kichwani bila kuambiwa. Kengele ililia. Mdogo wangu aliruka pembeni, mimi nikafungua mdomo nimwite mtoto, na maji yakashuka.

Alipoibuka alikuwa ameketi, macho yamemtoka pima, hana pumzi. Halafu pumzi ikarudi na sauti nayo.

"Mama!"

Niliingia kwenye maji hayo niliyoyaogopa, mikono mbele, nikisema niko hapa, mama ako hapa. Akanisukuma. Akainuka, akapita chini ya mkono wangu na kutoka mbio, miguu midogo inapiga vigae, mlinzi wa bwawa anapuliza filimbi kwamba hakuna kukimbia. Nikamfuata. Nilidhani anatafuta njia ya kutoka.

Tulimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa mbele ya kikabati chetu, anakipiga kwa viganja vyote viwili, maji yanamchuruzika.

"Mama, toka! Mama!"

Wanawake waliokuwa wakijikausha nywele waligeuka kutazama. Mdogo wangu alichuchumaa akamwuliza mama ako wapi.

"Ako ndani. Hajasafiri." Akaninyooshea kidole. "Anti ingine amemfungia."

Nilitamani sakafu inimeze. Dharau yote niliyokuwa nayo tangu mlangoni, ya minazi na matumbo na ndoo, ilinigeukia mimi mwenyewe, na nilistahili. Kobe alikuwa akitoka kazini jioni. Mimi nilimfungia mama wa mtoto wangu kwa sababu nilitaka kiti chake.

Nilifungua kikabati. Nikampa mdogo wangu simu yake, mimi nikachukua yangu na kuingia kijumba cha pembeni cha kubadilishia nguo, nikavuta pazia. Mikono ilikuwa imelowa, nikabonyeza mara tatu ndipo simu ikakubali kumpigia mdogo wangu kwa video. Ilipopokewa niliona uso wa mtoto umejaa kioo kizima, kamasi na machozi, na nikasema kile ambacho sikuwa nimemwambia tangu atue Doha, kwa kuwa niliona ni mchezo wa simu na mama wa kweli hauhitaji.

"Nani huyo mrembo?"

"Ni mimi!" Alipiga kelele mpaka nikamsikia mara mbili, kwenye simu na nje ya pazia. "Mama! Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Anti ingine alikufungia."

"Nimesikia. Anti ingine ni mbaya?"

Akafikiri. Mtoto huyu hajui kuonea mtu. "Si mbaya. Amekasirika. Kila siku amekasirika."

Alinibonyeza pua kwenye kioo, kisha akasema lile alilokuwa akisema kila jioni kule Nakuru, mama yangu akitaka kukata simu.

"Mama, kuja."

Kila jioni nilimjibu nakuja. Nilimjibu nikiwa kitandani, nikiwa kwenye basi la wafanyakazi, nikiwa nimejificha stoo ya dawa. Karibu miaka miwili ya nakuja, na sikuwahi kusogea hata hatua moja. Kutoka kijumba kile mpaka alipokuwa ni hatua tatu.

"Nakuja," nikasema, nikavuta pazia.

Sikukata simu. Nilitembea nikizungumza, ili aone mdomo kwenye kioo ukienda na mdomo huu, nikachutama mbele yake. "Nani huyo mrembo?" Alinitazama. Akarudi kwenye simu. Akanitazama tena, kwa muda mrefu, akakunja uso. Kisha akanyoosha kidole akanibonyeza pua, taratibu, akaona inarudi ndani na kutoka, na ni ya moto.

Akamrudishia mdogo wangu simu. "Shika," akamwambia. "Mama ametoka."

Siku nane hizo hakunishuka mgongoni. Nilifua naye, nilipika naye, nilikwenda naye msalani. Ile Ijumaa ya pili tulikwenda ufukwe wa Al Wakrah na ndizi zetu, akakaa mapajani kwangu akirushia maji mawe, na hakuna aliyetufunga bangili. Halafu viza ikaisha. Uwanja wa ndege alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikarudi zamu.

Jioni iliyofuata mama aliegemeza simu kwenye chupa ya chai kama zamani. Nilikuwa nimechana nywele, nimejipaka mafuta. Nikamwona mtoto anapita nyuma na mdoli wake wa samaki, na mama anamwita, "Kuja umsalimie mama, ako kwa simu."

Alisimama akatazama kioo kidogo tu, kwa dharau, na dharau hiyo naijua ilikotoka.

"Hayuko humo," akasema. "Alitoka." Akaenda zake.

Mama alimwita tena, akambembeleza, akamwahidi biskuti. Mimi nilibaki nikitazama kiti kitupu na ukuta. Hatimaye mama akaja mbele ya kioo, akajifuta mikono na kuniambia nisijali, atamzoeza tena, watoto husahau upesi.

"Usimzoeze," nikamwambia. "Nakuja."

Neno hilo mama alikuwa amelisikia jioni nyingi mno. Basi nikachukua barua yangu ya kuacha kazi kutoka juu ya kitanda, nikamsomea yote, mpaka tarehe.