Verlene Ajifunza Kukaa Chini

Verlene Thibodeaux alikuwa mhudumu wa mlangoni katika kanisa letu la Oakland, na asiyeijua kazi hiyo asidhani ni kuonyesha watu viti tu. Ibada ikipamba moto na mtu akaanza kulia, Verlene alikuwa ameshafika: glavu nyeupe, kitambaa mkononi, upepeo wa karatasi wenye tangazo la duka la majeneza. Alikupepea mpaka ukatulia, upende usipende.

Hata siku ya mazishi ya kaka yake, Roosevelt, aliyeuawa na risasi ya polisi mchana kweupe, Verlene alivaa glavu zake. Alimpepea mjane, akawapepea watoto, akampepea na mchungaji. Yeye mwenyewe hakutoa chozi. Tangu hapo usingizi ukamhama na presha ikapanda. Daktari akamwambia wazi kwamba asipojifunza kutulia, kiharusi kitamkuta jikoni kwake. Verlene alimcheka usoni, kisha akafika nyumbani akashikwa na woga.

Ndiyo maana Jumamosi moja aliteremka hadi chumba cha chini ya kanisa, ambako Kendra, binti wa Opal, alikuwa akiwafundisha wanawake wetu kutuliza moyo kwa pumzi. Kendra alikuwa ametandika mikeka mizuri. Wote wakakaa kwenye viti, kwa sababu mikeka ni ya watu wenye magoti.

"Fumbeni macho," Kendra akasema kwa sauti laini. "Sikilizeni pumzi zenu."

"Amina!" akaitikia Mama Gaines, mkongwe wao.

"Mama, huku hatuitikii."

"Nisipoitikia utajuaje kama nimesikia?"

Kimya kikaja kwa taabu. Mara Opal akavuta kamasi, na kabla hajalivuta la pili Verlene alikuwa kasimama mbele yake, anapepea.

"Shangazi Verlene, kaa chini."

"Mtu analia."

"Mwache alie."

"Mbele ya macho yangu? Bila kupepewa? Mtoto wewe, umelelewa na nani?"

"Na mimi," Opal akasema katikati ya machozi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Jumamosi iliyofuata Kendra aliuficha upepeo. Verlene akapepea kwa kofia. Alipopokonywa kofia akapepea kwa kiatu, na hapo Opal alicheka mpaka akasahau alichokuwa akililia. Baada ya kikao Kendra alimvuta pembeni.

"Shangazi, siku ya kumzika Anko Roosevelt, wewe nani alikupepea?"

Verlene alitazama ukuta. "Nilikuwa kazini," akasema.

Swali lile lilimkera wiki nzima. Lakini Jumamosi alirudi, akakaa, akaikalia mikono yake yote miwili. Opal akavuta kamasi. Verlene akauma meno. Opal akavuta tena, safari hii kwa uchokozi mtupu, na Verlene akabaki pale pale, jasho linamtoka. Kimya kikatanda.

Ndani ya kimya kile ukatoka mkoromo. Mama Gaines kalala fofofo.

Roosevelt naye alikuwa akikoroma kanisani hivyo hivyo. Verlene alikuwa akimdunga ubavuni kwa kidole cha glavu, naye huruka na kupaza "Haleluya!" katikati ya matangazo ya mauzo ya pai za viazi vitamu. Verlene akaanza kucheka kimoyomoyo. Mabega yakatikisika, kicheko kikamtoka kwa nguvu, wenzake wakadakia bila kujua wanacheka nini, na humo humo, mdomo ukiwa bado wazi, kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, jina la kaka yake likimtoka vipande vipande.

Wanawake wale mikono iliwawasha. Opal alikuwa tayari kainua mkoba wake apepee nao, lakini Kendra alimtikisia kichwa.

"Jamani," Verlene akalia, "hata mmoja hanipepei?"

"Tumekatazwa, shoga!" Opal akamjibu.

"Amina!" Mama Gaines akashtuka usingizini. "Nimepitwa na nini?"

Wakacheka mpaka viti vikalia, na Verlene akicheka zaidi yao, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola. Uso ule ulimtisha Kendra, ingawa yeye ndiye mwalimu. Akashindwa kuvumilia, akachomoa kitambaa na kumwendea mbio.

"Kaa chini, mtoto wewe," Verlene akamwambia. "Sijamaliza."