Jina la Mtu Aliye Hai

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa majirani, pale mtaa wa Jamhuri, Nairobi, niliamini kabisa kwamba mama yangu alikuwa anamuua babu yangu kwa kumtaja tu. Nikiyasema hayo leo watu wanacheka. Wakati ule hakuna aliyecheka nyumbani kwetu, na mimi, msichana mzima wa darasa la pili, nilikuwa nimeanza tena kukojoa kitandani.

Yote yalianza mdogo wangu alipozaliwa. Baba ni Mbukusu wa Bungoma. Mama ni Mkikuyu wa huku huku Dagoretti, ambako shamba la kwao sasa limejaa magorofa ya kupangisha. Wazazi wa Baba walikuja kwa basi kumwona mtoto: Kuka, babu yangu, mtu mrefu wa maneno machache, na Kukhu, nyanya yangu, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia. Shosho, mama yake Mama, alikuwa tayari kwetu, akimwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji.

Kwa kina Mama, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Babu akiwa hai ndiyo vizuri zaidi, asikie kwa masikio yake kwamba hatapotea. Mama alikuwa ameiweka heshima hiyo moyoni miezi yote ya mimba. Wageni walipokwisha kunywa chai, alijifunga kitambaa kipya, akamchukua mtoto na kumweka mapajani mwa Kuka.

"Mzee," akasema, "mshike Khaemba."

Kuka akaweka kikombe chini. Kukhu ndiye aliyeuliza.

"Khaemba gani?"

"Huyu hapa. Nimempa jina la Mzee."

"Na mwenye jina aende wapi?"

Mama akatabasamu, akidhani ni utani. Baba hakutabasamu. Alijua, maskini, na hakuwa amemwambia mke wake, kwa sababu Baba ni mtu wa kungoja mambo yajipange yenyewe. Kwao jina hutoka kwa aliyekufa. Ukimpa mtoto jina la mtu anayepumua, ni kama kumwambia aanze kufunga virago. Wawili hawatoshi ndani ya jina moja.

"Huyu mtoto atalia," Kukhu alisema. "Atalia mpaka mtu aondoke."

Na kweli, mtoto akalia. Si kilio cha kawaida. Alianza mchana baada ya chakula, akaendelea hadi jirani wa juu akaja kuuliza kama tuna shida. Alikataa ziwa. Akiwekwa kifuani anajikunja, anageuza uso, anapiga kelele upya. Halafu Kuka akaanza kukohoa. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia mifupani, naye alikuja na shati na koti jembamba la kanisani. Leo nayajua hayo. Wakati ule niliona tu kwamba mtoto analia, babu anakohoa, na katikati yao amesimama mama yangu.

Nyanya zangu waligombana jikoni. Waligombana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili, na kwa kuwa haikuwa ya kwao, walichagua maneno kwa adabu iliyofanya yaume zaidi.

"Mama, kwetu hiyo ni heshima," Shosho alisema. "Mtoto wangu hakulala njaa kwenu, hana sababu ya kumtakia mzee mabaya."

"Sijasema anamtakia, Mama. Nasema amemwita. Na mzee anasikia akiitwa."

Nilikuwa mlangoni na nilisikia yote. Nilimwona Mama pia, ameketi kwenye ukingo wa kitanda na mtoto mikononi, machozi yanamtoka bila sauti. Hakuwa anajitetea. Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kikohozi. Nilihesabu moyoni kwamba Kuka akifa, Mama atafukuzwa, na sisi tutaachwa na Baba ambaye hata ugali alikuwa hajui kusonga.

Kuka alipoanza kupata homa, Kukhu akasema sasa inatosha, mtoto aulizwe mwenyewe. Ilikuwa alasiri, mapazia wazi, redio ya jirani ikiimba. Hapakuwa na jambo la kutisha. Mama alikaa kwenye kochi na mtoto kifuani. Kukhu akakaa kwenye stuli mbele yake na kuanza kuita wafu wa upande wao, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango. Anataja jina, anasubiri. Mtoto akikubali kunyonya, huyo ndiye aliyekuja. Akataja wajomba, akataja babu wa babu, akataja kijana aliyesombwa na mto kabla Baba hajazaliwa. Mtoto alilia katika kila jina. Mwishowe Kukhu akanyamaza. Majina yalikuwa yamemwishia, na uso wake ulikuwa umechoka. Hapo kwa mara ya kwanza nikamwona kama mwanamke anayeogopa kufiwa na mume wake. Hadi wakati huo nilikuwa nimemwona kama adui wa mama yangu tu.

Kuka alikuwa amelala kwenye kochi la pili, blanketi hadi shingoni. Akafungua macho, akamgeukia Shosho.

"Na kwenu, Mama? Mtoto ni wenu pia."

Shosho alikuwa mtu wa kanisa hasa, yule wa kutandika vitambaa vya madhabahu. "Mimi siiti wafu," akasema.

"Usimwite. Mtaje tu."

Shosho akatazama mikono yake. Mume wake, babu yangu wa pili, alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, na sikuwahi kumsikia Shosho akilitamka jina lake. Siku zote alisema tu "baba yenu". Jina hilo lilikuwa limewekewa mvulana wa pili, kama desturi yao ilivyo, akipatikana.

"Njoroge," Shosho akasema.

Mtoto akashika ziwa.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Alinyonya kwa fujo, akakohoa, akanyonya tena. Kuka akavuta blanketi na kusema, "Basi. Amesema mwenyewe. Mtu asimsumbue tena mama yake." Kisha akalala, na homa ikapungua baada ya siku chache. Aliishi miaka mingi baadaye, na kila alipomsalimia mdogo wangu alimwita mkombozi.

Nimelea watoto wangu. Najua tumbo la mtoto mchanga na gesi zake, najua kwamba kilio cha namna ile hufika mahali kikachoka chenyewe. Inawezekana ilikuwa hivyo. Lakini najua pia kwamba Mama hakuzaa mvulana mwingine, kwa hiyo kama si alasiri ile, Njoroge wa Shosho asingerudi kabisa. Na najua kwamba Mama hakuwahi tena kumtaja Kuka kwa jina, hata siku tulipomzika. Kukhu hakumlaumu tena. Hakumwomba msamaha pia. Walisalimiana vizuri kila Desemba, na lile jambo lilikaa kati yao bila kuguswa.

Mwaka huu mdogo wangu Njoroge amepata mtoto, mvulana. Mke wake, Komal, ni mtoto wa mtaa wa Ngara, wa ukoo wa Kigujarati wanaouza vitambaa kwa jumla na kuishi juu ya duka. Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, mama yake Komal alinipigia simu.

"Sasa, Nekesa. Jumapili usichelewe, wewe ndio wa maana."

"Mimi tena?"

"Kwetu baba na mama hawapeani jina. Ni shangazi, dada ya baba. Si Njoroge alikuambia?"

Hakuwa ameniambia. Amerithi kwa Baba.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kwa desturi ya Mama, mtoto huyu angeitwa jina la Baba, ambaye yuko hai na anapenda chakula chake. Nilijua Mama hangethubutu kulisema. Tukipanda ngazi za Ngara aliniambia tu, "Usiniangalie mimi."

Walimlaza mtoto kwenye kitambaa chekundu, wanawake wakashika pembe na kumbembeza wakiimba. Simu moja iliegemezwa kwenye birika, ndani yake shangazi za Komal walioko Leicester, Uingereza. Nyingine aliishika Baba, na ndani yake alikuwa Kukhu, mkongwe sana sasa, amekalishwa uani Bungoma, macho karibu kwenye kioo. Wimbo ukaisha. Wote wakanitazama, isipokuwa Mama.

Niliinama sikioni mwa mtoto kwanza, kisha nikasema kwa sauti: "Khaemba."

Wanawake wakapiga makofi. Kwenye simu ya Baba, Kukhu akamwambia mtoto, polepole, kama anavyoongea mke na mume wake, "Umekawia."

Kisha akaomba apewe Mama. Baba akamsogezea simu, na Mama akaishika kwa mikono miwili, kichwa chini, kama msichana aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mama Nekesa," Kukhu akasema. "Hukukosea. Ulimwita mapema tu."

Mama alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, mara moja na mara nyingine tena, kisha akamwinua mtoto, akamkumbatia, na nikamsikia akilitamka lile jina, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa darasa la pili.