Alama za Batuli Ng'ambo ya Sabaki

Wewe unayeniandikia kila wiki kwamba "netiweki ilikata nikapotea huko bara", umenichosha. Gari lako lina kioo kwenye dashibodi kikubwa kama sinia, na kazi unayokipa ni kupiga muziki na kukuonyesha nyuma ukiegesha. Mnara ukipotea unashuka kumuuliza mchunga mbuzi. Anakwambia "ni hapo tu," na hapo tu yake ni kilomita kumi na nane.

Sikiliza. Gari lenye ramani ndani yake linasikiliza setilaiti, na setilaiti haina habari na mnara wa simu. Kinachotaka mnara ni ile ramani ya simu yako ambayo hukuipakua ulipokuwa nyumbani umelala. Kama unataka kubisha, nenda Mambrui ukabishane na Batuli Bwanamkuu.

Batuli ana miaka arobaini na mmoja. Anaendesha Noah nyeupe iliyokuwa ya mumewe, Shukri. Shukri alipoumwa mgongo akawa hawezi kukaa kwenye usukani zaidi ya nusu saa, Batuli akachukua funguo. Hakuomba ruhusa ya mtu. Wateja wake wakubwa ni wanawake: wa harusi, wa msibani, wa kupeleka mzazi kliniki. Wanampenda kwa sababu hawaachi barabarani na hasimulii alichokisikia kiti cha nyuma.

Gari lilipotoka Japani lilikuja na mwanamke ndani ya kioo. "Kila asubuhi nikiwasha ananiambia maneno," Batuli aliniambia. "Mwaka mzima sikujua ananisalimia au ananitukana." Na ramani yake ilionyesha gari liko baharini. Akalipeleka Malindi kwa Odera, fundi wa redio za magari. Odera akaking'oa kile kioo, akaweka kingine chenye ramani ya Kenya kwenye kadi, na juu ya dashibodi akabandika kidude kidogo kama kifungo cha koti, cha kunasa setilaiti.

"Hii haili bando," Odera akamwambia.

"Basi inakula nini?"

"Inakula anga, mama. Anga ni bure."

Tatizo ni kwamba ramani ile ukishaacha lami inaishiwa na maneno. Inajua barabara kubwa, inajua mto, baada ya hapo ni rangi ya uji. Batuli hakulia wala hakuandikia mtu. Alianza kuweka alama zake mwenyewe. Kila aliposhusha mtu au mzigo, alibonyeza kioo na kuandika jina. Leo ana alama zaidi ya mia tatu. Nimezisoma. "Kwa Kombe, mlango wa nyuma." "Tope masika." "Mbwa wawili, usishuke." Pale stendi ya Mambrui madereva wanamcheka.

"Batuli, leo televisheni inasema mvua itanyesha?"

"Inasema wewe hujapata abiria tangu asubuhi."

Sasa njoo Mei ya mwaka jana, mvua za masika zimekolea. Saa saba kasoro, kwenye stendi ya Malindi, akashuka Abdulghani, muuza vigae wa Mtwapa, mtu wa miaka arobaini na sita. Babake, Mzee Zaid, alikuwa amefariki alfajiri ile kwenye shamba lake la mikorosho, ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Garashi. Huko simu hazishiki. Jirani mmoja alipanda kilima kuitafuta netiweki, akapata dakika moja ya kusema: "Tunazika baada ya alasiri. Ami yako Muzammil amesema hatungoji." Ikakata.

Abdulghani ndiye mwana wa kwanza. Kwetu unajua maana yake: yeye ndiye wa kushuka kaburini, ampokee babake kwa mikono yake, amlaze kwenye mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi. Asipofika atashuka mwingine. Na alikuwa hajawahi kulikanyaga shamba lile. Mzee alipooa mke wa pili walikosana, wakaja kupatana, lakini kila mara mzee ndiye aliyekuwa akishuka Mtwapa. Miaka tisa mwana aliahidi kwenda.

Binamu yake alimpa namba ya Batuli, kwa sababu Batuli alikuwa amempeleka mzee Februari, na mabati kumi na mawili juu ya gari.

"Unapajua?" Abdulghani akauliza kabla hajakaa kwenye Noah.

"Pole na msiba. Ninapajua, nimepaandika." Akamwonyesha kwenye kioo: *Mzee Zaid, shamba*.

Wakashika barabara ya lami kuelekea bara. Kabla ya Kakoneni simu ya Abdulghani ikazima ramani; kikabaki kidoti cha bluu kinatembea juu ya kijivu kitupu. Akaitikisa, kana kwamba ni chupa ya sosi.

"Iache ipumzike," Batuli akasema.

"Na hicho chako kisipozimika kitatupeleka wapi? Hata barabara hakina."

"Kina mshale, kina alama. Barabara ninayo mimi."

Mbele ya Kakoneni akakata kulia kwenye njia ya vumbi, ambayo siku ile ilikuwa ya matope. Mshale ukaikaribia alama. Kilomita mbili. Mita mia nne. Saa nane na nusu wakafika juu ya alama yenyewe, na mbele yao palikuwa na mto.

Sabaki umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Ng'ambo, juu ya ukingo, nyumba ya mabati mapya. Wanaume wa kofia wanaingia na kutoka. Turubai limefungwa kwenye mikorosho.

Kosa lilikuwa hili, na ni kosa la mtu wa huku tu. Februari mto huwa na maji ya magoti. Batuli alisimama upande huu, vijana wakavuka na mabati kichwani, mzee akavuka nao kanzu ameikunja. Batuli, kwa mazoea yake, akaweka alama pale mzigo uliposhukia. Februari ile kuvuka kulikuwa hatua mia. Mtu wa haraka hakumbuki hatua mia.

"Ndipo hapa?" Abdulghani akauliza, na jibu analiona.

"Ndipo nilipomshusha. Sipo alipokuwa akiishi. Kosa ni langu."

"Kosa lako nitalizika wapi, Bi Batuli?"

Akaanza kuvua viatu. Batuli akamshika mkono wa shati, akaukaza.

"Mna mamba mle."

"Najua."

"Basi unataka wazike wawili leo? Wamechimba kaburi moja."

Abdulghani akasimama peku kwenye matope. Akaweka viganja mdomoni akapiga kelele jina lake, mara tatu, na "ningojeni". Mtu mmoja ng'ambo akainua mkono.

"Amesikia, au ananiaga?"

"Tutajua tukifika. Ingia."

Hapa ndipo ninapompendea huyu mama. Hakupoteza hata dakika moja kujilaumu. Aliiuliza ramani njia ya kufika ng'ambo, ikamjibu arudi Malindi, apite daraja la chini, azunguke: masaa matatu. Akaifuta ile njia. "Hii inajua barabara za serikali tu," akasema. Juu ya mto, kule Baricho, kuna daraja jingine. Upande wa pili wa daraja lile ramani haina kitu, rangi ya uji. Lakini juu ya uji ule palikuwa na vidoti vyekundu, kimoja hapa, kingine pale, miaka minne ya kupeleka wanawake wa watu. Ukivitazama kwa pamoja, vinashuka na mto mpaka karibu na nyumba ya mzee.

"Unajua kusoma?" akamuuliza.

"Ni swali gani hilo?"

"Nisomee alama. Mimi macho yangu yako kwenye matope."

Wakarudi lamini, wakapita Lango Baya. Hapo simu ikapata kijistari cha netiweki, Abdulghani akapiga kwa jirani, hapatikani. Wakavuka daraja saa tisa na ushee, wakakata kulia, na mwana wa marehemu akawa msomaji.

"Harusi ya Raihana."

"Tuko sawa. Ifuatayo?"

"Nesi Viola, mlango wa bluu."

"Tunaupita mkono wa kushoto. Ifuatayo?"

"Tope masika."

"Hapo tunaacha njia, tunapita ndani ya mihindi ya Katana. Atanitukana wiki ijayo."

"Baada ya hapo hakuna," Abdulghani akasema. "Bi Batuli, hakuna kidoti kingine. Zimeisha."

"Zimeisha upande huu. Ile ya babako iko wapi?"

Akaitazama. Ilikuwa pale pale, *Mzee Zaid, shamba*, ng'ambo ya mstari wa mto, kwenye kosa lake.

"Iko upande wa pili."

"Na nyumba tuliiona wapi? Mkabala nayo. Basi niambie tu mshale ukifika mkabala."

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Abdulghani aliweka kidole kwenye kioo, kwenye alama, na kidole cha pili kwenye mshale, akivitazama vikisogeleana kama mtu anayepima kitambaa. Njia ya ng'ombe ikawa njia ya miguu, matawi yakaparuza ubavu wa gari.

"Sasa," akasema.

Batuli akakata kulia, kuelekea mtoni, na turubai likatokea kati ya mikorosho.

Swala ya jeneza ilikuwa imeshaswaliwa. Hilo alilikosa na halirudi. Jeneza lilikuwa limewekwa kando ya kaburi, na Ami Muzammil, mzee wa miaka sabini, alikuwa ameshateremka ndani, kanzu imekunjwa kiunoni, mikono juu, anangoja kupewa ndugu yake. Yule aliyeinua mkono ng'ambo alikuwa amesikia, na aliwaambia. Ami alikubali wachelewe kidogo tu, kisha akasema basi.

Alimwona Abdulghani anakuja mbio, peku, viatu vimebaki kwenye gari.

"Umekuja," Ami akasema kutoka shimoni.

"Nimekuja, Ami. Nisamehe."

"Nivute nitoke. Hii ni kazi yako."

Akashuka. Wakampa babake. Alimlaza kwenye mwanandani, akamgeuza ubavu wa kulia kuelekea kibla, akafungua vifundo vya sanda mwenyewe. Ananiambia anachokumbuka ni uzito: mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiria.

Batuli alikwenda upande wa wanawake, akakaa mkekani na mke wa marehemu, akanywa maji. Kabla ya kuondoka alirudi kwenye gari akaweka alama mpya mbele ya mlango, mlango wenyewe. Ile ya zamani hakuifuta. Aliiandika upya: *Hapa Februari tu.*

Madereva wa Mambrui bado wanamcheka, ila siku hizi wakipata safari ya bara wanamwendea kimya kimya, "Bi Batuli, hebu nisaidie na televisheni yako." Anawapa, na hawatozi chochote.

Sasa wewe. Najua una mzee mahali simu haishiki, na najua ni lini ulikwenda mara ya mwisho. Jumamosi hii washa gari uende. Ukifika mlangoni kwake, si barabarani, si mtoni, mlangoni, bonyeza kioo uweke alama, uandike jina lake. Kisha ushuke umsalimie.