Tarehe ya Nne

Fundi Bomba, kama anavyoitwa na mtaa mzima, alishuka shimoni tena huku magoti yakimlia. Miaka ishirini na sita ameziba mabomba ya maji ya mji, na desturi yake haijabadilika: kila akimaliza, huandika tarehe kwa rangi nyekundu ubavuni mwa bomba. Hapa alikuta tarehe tatu, zote za mwaka huu, zote mwandiko wake.

Injinia alisimama juu ya shimo na buti zake safi.

"Bomba hili ni teknolojia ya kisasa, mzee wangu. Watu wa kale wangeiona wangeshika vichwa!"

"Hata mimi nimeshika changu, bosi."

Maji yaliyovuja hayakumfika hata kifundoni. Yalikuwa yakiteremkia kwenye mfereji wa mawe uliopita chini ya bomba, kazi ya watu wa kale ambao hata majina yao yameshasahaulika. Mfereji haukuwa na ufa. Kwenye chokaa yake palikuwa na alama ya kidole gumba cha fundi wa enzi hizo. Fundi Bomba akaweka gumba lake pale, likaenea sawasawa. Akaliacha hapo kwa muda.

Injinia akacheka. "Vipi mzee, unamwonea wivu kwa ufundi wake?"

"Ufundi hata mimi ninao, bosi. Namwonea wivu kwa sababu alimaliza, akaenda zake nyumbani."

Akaziba bomba, kisha akaanza kutafuta nafasi ya kuandika tarehe ya nne.