Kuku Kwenye Kikapu cha Mama Noah

Nina ugonjwa mmoja, na mume wangu Idris huutaja kila akipata nafasi. Nikiona kitu kipya mkononi mwa mwanamke aliyevaa viatu vizuri, basi changu nakiona takataka papo hapo. Ndivyo nilivyopata sufuria zisizoivisha hata ndengu. Na ndivyo nilivyopata gari la sokoni.

Gari lenyewe si gari. Ni mfuko mkubwa wa turubai wenye maua ya zambarau, umefungwa kwenye vyuma, una magurudumu mawili chini na mkono wa kuvutia juu. Niliuona Mombasa nilipokwenda kumtazama mwanangu Zubair. Mama mmoja alikuwa akiuvuta ndani ya supamaketi, hana jasho, bega halijamwinama, anachagua maziwa kwa vidole viwili. Nikajiambia, Nasiha, kwa umri huu wewe hubebi tena. Nikanunua wangu, nikarudi nao Voi nimeukumbatia kwenye treni safari nzima.

Si kwamba sikuwa na cha kubebea. Nilikuwa na kikapu. Mwaka ule serikali ilipopiga marufuku karatasi za plastiki, na sisi wanawake wa Voi tukawa tunatembea na nyanya kwenye mikunjo ya leso, Mama Noah ndiye aliyenihurumia. Huyu ni Eddah, mama wa Kidawida kutoka Mghange, kule milima ya Taita, ambaye siku za soko huteremka na kabeji, karoti, viazi na dania. Mikono yake haijui kukaa bure. Asipopima kitu, anasokota katani pale pale kwenye paja lake, huku anazungumza na wewe bila kutazama chini. Akanisukia kikapu kipana, chenye mikono miwili mirefu ya kuning'iniza begani. Kikabeba viazi, kikabeba unga, siku moja kikabeba betri ya gari la jirani. Hakikuwahi kuachia hata uzi.

Tukawa na mtindo wetu, mimi na yeye. Hatukukaa tukakubaliana, ulikuja wenyewe tu. Mimi hupika mahamri ya kuuza kila alfajiri mlangoni kwangu, mtaani Mwakingali, kwa hiyo sikumpelekea kikapu kitupu hata siku moja: mlikuwa na mahamri ndani ya kitambaa, bado ya moto. Naye hakunirudishia bila nyongeza. Aliweka fungu la dania juu, au ndizi, au karoti iliyopinda ambayo alisema inafanana nami. Kwetu humrudishii mtu chombo chake kitupu, na kwao milimani kumbe ni vivyo hivyo.

Sasa nione siku ile naingia sokoni na gari langu. Njia ya kwenda kwenye mboga ina mawe, mtaro na mbuzi wa watu, na gari lilikuwa linaruka kila jiwe na kupiga kelele. Wayua, muuza nyanya wa meza ya pili, akaniona kutoka mbali.

"Haiya! Mama Zubair, wasafiri? Ama mzee amekufukuza?"

Soko zima likacheka. Mimi nikacheka pia, tena nikaringa. Nikalisimamisha gari mbele ya kabeji za Mama Noah, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nataka kujifunika uso kwa buibui: "Mama Noah, mambo ya vikapu yamepitwa. Siku hizi watu wanavuta."

Akayatazama magurudumu. Kitu fulani kikamshuka usoni, nami nikajitia sijaona.

"Ni kizuri," akasema. "Na kile kingine?"

"Kiko jikoni. Kuku amekipenda, anataga humo."

Wallahi nilisema hivyo. Tena nikacheka, nikidhani ni mzaha.

Akanipimia viazi. Mzani ulipozidi kidogo, akatoa kiazi kimoja, akaweka kingine kidogo zaidi mpaka mshale ukatulia. Dania hakuweka. Mahamri pia sikuwa nayo, kwa sababu niliogopa mafuta yataharibu yale maua ya zambarau. Akaniambia, "Karibu tena, kastoma."

Kastoma! Mimi! Mimi niliyekesha naye hospitalini Noah wake alipolazwa. Yeye aliyejua presha yangu imepanda kabla ya Idris kujua, kwa kunitazama tu ninavyoshika karoti. Nikavuta gari langu nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikamwambia Idris kwamba Mama Noah ana wivu.

"Wivu wa magurudumu?" akauliza, akarudi kwenye redio yake.

Gari halikumaliza mwezi. Siku hiyo nilikuwa navuka mtaro, gurudumu moja likachomoka, likabingirika mpaka kwenye pikipiki za vijana wa boda. Mmoja akaliokota, akanijia kwa heshima zote akauliza kama nahitaji na fundi. Nikalibeba gari begani mpaka nyumbani, juisi ya nyanya ikinitiririka mgongoni. Idris alikuwa ameketi mlangoni.

"Leo gari limempanda dereva," akasema.

Mtu mwenye akili angerudia kikapu chake siku ile ile. Mimi nikanunua mfuko mwingine, ule wa kitambaa kisicho kitambaa, wa bluu. Ulivumilia safari mbili, kisha ukapasuka chini, viazi vikatangulia mbele yangu kuteremka barabara. Nikatafuta kabatini nikapata mfuko wa kampeni, wenye uso wa mheshimiwa mmoja aliyeomba kura akakosa. Nusu ya soko ikanipigia saluti, nusu ikaniuliza maji aliyoyaahidi yako wapi. Nikawajibu hadi mate yakanikauka, na huo nao mkono wake ukakatika kabla sijafika kwa muuza nyama.

Na kila siku ya soko nilipita kwa Mama Noah. Nilijidanganya nafuata viazi. Alinipimia sawasawa, hakuniibia, hakunizidishia, akaniambia karibu kastoma. Fungu la dania ningelinunua kwa yeyote, dania imejaa sokoni. Niliyokuwa nimeikosa ni ile aliyoiweka yeye bila kuulizwa. Nilikuwa nimempoteza rafiki yangu kwa ajili ya magurudumu, na niliumia.

Mwishowe nikasema potelea mbali, nakirudia kikapu. Nikaingia jikoni. Kuku alikuwa ndani yake, amejitandaza, ananitazama kwa jicho moja. Hatagi tena, anaatamia.

"Ukimtoa sasa mayai yataharibika," Idris akasema nyuma yangu. "Halafu na kuku naye akununie."

Nikamsubiri kuku. Mwanamke mzima, nimezaa, nimeozesha, nasubiri ruhusa ya kuku. Nilikuwa namletea maji na mahindi yaliyovunjwa, namwomba afanye haraka. Alipoangua, nikakikagua kikapu. Mikono ilikuwa imelika, nyuzi zimesimama, nami nikamlaumu yeye kwa kuidonoa. Vifaranga vilikuwa vinachungulia kutoka ndani. Ndipo nikaona la kufanya: kikapu cha Mama Noah siwezi kukipeleka kitupu, basi nitakipeleka na aliyekikalia.

Siku ya soko nikatandika nyasi safi, nikamfunga kuku miguu polepole, nikavipanga vifaranga ubavuni mwake, nikakikumbatia kikapu kifuani kwa sababu mikono yake sikuiamini tena. Kuku alipiga mayowe njia nzima. Wayua akasimama juu ya kreti.

"Mama Zubair! Leo umebeba abiria!"

Nikaenda moja kwa moja nikakiweka kikapu mbele ya Mama Noah.

"Mama Noah, mimi ni mjinga. Nisamehe. Kikapu chako nimekifanyia ufedhuli. Huyu kuku na wanawe ni wako."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ule mkono uliolika, polepole, kama anayepima homa.

"Mkono umeisha," akasema. Akakichukua kikapu na kuku na vifaranga, akakisukuma chini ya meza. Kisha akauliza, "Viazi kilo ngapi?"

Akanipimia sawasawa. Nikasimama.

"Na kikapu?"

"Kikapu si umenirudishia?"

Nikafungua leso yangu ya kichwani, nikabaki na buibui, nikavitia viazi humo, nikaondoka. Nilipopita karibu na msikiti machozi yakanitoka mchana kweupe. Idris aliniona naingia na kibunda, akafungua mdomo, akaufunga, akanipikia chai. Hapo nikajua hali yangu ni mbaya kweli.

Siku ya soko iliyofuata nilitaka nisiende. Nikaenda. Nilichukua mahamri kwenye kitambaa, basi, sikuwa na mfuko wa aina yoyote. Nikayaweka juu ya meza yake.

Mama Noah akala moja kwanza, taratibu, akajifuta vidole.

"Kuku wako amekataa kutoka kwa kile cha zamani," akasema. "Kila nikimtoa anarudi. Nimemwachia."

Kisha akainama, akatoa chini ya meza kikapu kipya. Katani nyeupe, mstari wa bluu katikati, mikono minene iliyosukwa mara mbili.

"Umekisuka wiki hii?" nikauliza, nikijua hapo hapo nimeuliza upuzi.

"Wiki? Kikapu ni kazi ya wiki moja, Mama Zubair? Hiki nilianza zamani, nilipoona mikono ya kile inaanza kulika. Kuku hajaingia hata." Alikigeuza akakitazama chini. "Siku ile ulikuja na gari, hiki kilikuwa hapa hapa chini ya meza. Nilikuwa nimebakisha mkono mmoja."

Maneno yakanipotea. Idris anasema ni mara ya kwanza tangu anioe, na anasikitika hakuwepo. Nililia pale mbele ya kabeji, Wayua akitazama, na sikujali.

Mama Noah akanipimia viazi. Mshale ulipotulia akaongeza viwili, akavimimina kikapuni, akaweka karoti moja iliyopinda vibaya sana, na juu kabisa fungu la dania. Akanivisha kikapu begani kwa mikono yake.

"Na huko nyumbani," akasema, "kuku mwingine akitaka kutaga, mlaze kwenye gari."