Mal-sun na Kalamu Zilizopungua

Mal-sun wa Tongyeong, mji wa pwani ya Korea, hakuwa mtu wa kuamini kilicho juu. Miaka yote ya kuuza dagaa wakavu ilimfunza kwamba dagaa wa juu hung'aa kama fedha, na wa chini wameshageuka manjano. Kwa hiyo mletaji akishusha sanduku, yeye alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini kabisa, akanusa. Wenzake sokoni walimcheka wakisema hata bwana harusi alimnusa kwanza.

"Laiti ningemnusa," alikuwa akiwajibu, "nisingeolewa na mlevi."

Basi mwanamke huyo ndiye aliyefungua friji yake wiki ya safari ya Ujerumani, akaona kalamu zake za insulini zimepungua.

Kisukari alikuwa nacho siku nyingi. Kabla ya kila chakula alijidunga tumboni kwa kalamu hizo, kisha akala bila kunung'unika. Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Binti yake Mi-ran, aliyeolewa Frankfurt, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza akiwa na umri ambao watu walishaacha kumuuliza. Huko ugenini nani wa kumpikia supu ya mwani, chakula cha kila mzazi wa Kikorea? Mal-sun alikwisha kununua mwani wa uzazi, mrefu kama mtoto wa shule, haujakunjwa wala kukatwa, maana kumpelekea mzazi mwani uliovunjika ni kumtakia mabaya. Mwanawe Tae-sik alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo wa kumsindikiza alikuwa mkewe, Geum-hui, mama wa mtoto wao Dong-ha.

Na mama mzazi wa Geum-hui, kule kisiwani Geoje, naye alikuwa na kisukari.

Mal-sun alifunga friji polepole. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Lakini hakufungua mdomo. Mwizi wa sokoni hakamatwi kwa makelele. Unamwacha arudi mara ya pili.

Siku mbili baadaye Geum-hui alimletea kifuko cha kuning'iniza shingoni. "Mama, dawa ziko humu. Tafadhali, usije ukaziweka kwenye sanduku kubwa. Kule chini ya ndege kuna baridi ya kugandisha, na insulini ikiganda imekufa."

"Dawa zangu zote ziko humu?"

"Za kubeba wewe ziko humu, Mama."

Jibu lile liliteleza kama pweza. Mal-sun alitabasamu, akashukuru, akaenda kumtafuta jirani yake wa meza ya sokoni, Mama Gil-nam, aliyewahi kupanda ndege.

"Shingoni? Utapokonywa!" Mama Gil-nam alisema. "Mimi walinichukulia kopo zima la rojo la pilipili, nawaangalia hivi hivi. Chochote cha majimaji hakipiti. Nani kakushauri hivyo?"

"Mkwe wangu."

"Ehee," alisema Mama Gil-nam, akiivuta sauti.

Asubuhi ya safari, Geum-hui akiwa anaoga, Mal-sun alizitoa kalamu zote kifukoni, akazizungushia blanketi la mjukuu mchanga, akazizika chini ya sanduku kubwa, pale asipofika mtu asiyezamisha mkono. Kifuko kilipolegea akakijaza dagaa, kikavimba kama mwanzo.

Pale uwanja wa ndege wa Incheon sanduku lilimezwa na mkanda, likaenda. Mal-sun alibaki amekumbatia mwani wake. Kijana wa ukaguzi alitaka kuulaza kwenye trei.

"Utaukunja!"

"Bibi, lazima upite kwenye mashine."

"Mama yako alipokuzaa alikula mwani uliovunjika? Mbona umetoka mzima?"

Yule kijana aliinamisha kichwa, akaupitisha kwa mikono miwili kama anayepokea kichanga. Mal-sun alipogeuka, akamwona Geum-hui kwenye mstari wa pili akimwonyesha afisa karatasi na kumnong'oneza kitu. Afisa akamtupia Mal-sun jicho, akatikisa kichwa kwa huruma.

Ananiuza, aliwaza Mal-sun. Amewaambia mimi ni kichaa.

Angani, mwani ukiwa umelazwa juu ya vichwa vyao, mhudumu alileta chakula. Harufu ya nyama na wali ilimfika Mal-sun puani. Njaa ilikuwa inamkwangua.

"Mama, jidunge kwanza," alisema Geum-hui.

"Sina njaa."

"Tangu asubuhi hujala. Lete nikusaidie." Akafungua zipu ya kifuko. Dagaa walimtumbulia macho.

Abiria wa pembeni akaanza kunusa hewa.

"Mama. Dawa ziko wapi?"

"Salama. Kwenye sanduku. Mahali ambapo hazipungui."

"Hazipungui?"

"Unadhani sioni? Nilijua kilichokuwa kwenye friji yangu. Mama yako anaendeleaje?"

Geum-hui aliinama, akachomoa mkoba wake chini ya kiti, akatoa mfuko wa ubaridi. Ndani zilikuwa zimelala kalamu zilizopungua, na barua ya daktari, ile aliyomwonyesha afisa.

"Daktari alisema tuzigawe, nusu kwako na nusu kwangu, mmoja akipotelewa mwingine awe nazo. Nilikuja kukuambia sokoni. Ulikuwa unagombana na mletaji, ukaniambia, 'Haya, haya, toka kwenye jua.'"

Mal-sun alikumbuka lile sanduku la dagaa. Alikumbuka hata harufu yake. Aliichukua kalamu, akaigeuza kwenye mwanga, akasoma jina lake juu yake herufi kwa herufi, ndipo akajidunga. Alikula wali wote.

Frankfurt sanduku lilipotoka, alilifungua palepale kando ya mkanda, akazamisha mkono. Blanketi lilikuwa baridi, lakini kalamu zilikuwa nzima, dawa ndani angavu kama maji ya mtungi.

"Unaona? Hazina kasoro."

Geum-hui alizichukua, akaziangalia, akatikisa kichwa. "Kwa macho hazina kasoro. Lakini hatujui zilipita kwenye baridi gani. Mimi siziamini, Mama. Zilizobaki kwangu zinakutosha. Hizi tunazitupa."

"Unatupa dawa nzima?"

"Kwani wewe unanunua dagaa kwa kuwatazama wa juu?"

Mal-sun alicheka, cheko la sokoni, mpaka Wajerumani wakageuka.

"Afadhali," alisema akijifuta machozi. "Nilidhani ukoo huu ukinizika, hatabaki mtu wa kunusa chini ya sanduku."

Akamkabidhi mwani, yeye akashika sanduku. Walipoanza kutembea, akabaki nyuma hatua moja.

"Mikono miwili, Mama Dong-ha," alisema. "Nakuangalia."