Jiwe Tulilolikalia Kariakoo

Siku niliyokwenda kuomba kazi ya kutafsiri Kijapani, Meneja wa Mauzo hakuniuliza cheti. Aliitikia shikamoo yangu, akanisogezea kiti, akasema, "Binti, haraka haraka haina baraka. Mjapani anaisemaje?"

Nikamjibu, "Isogaba maware. Ukiwa na haraka, zunguka." Nikamweleza kwamba Waingereza nao husema kadiri unavyokimbilia jambo ndivyo linavyochelewa.

"Kumbe Mjapani na bibi yangu wa Magomeni wamefundwa na kungwi mmoja!" Alicheka, nami nikapata kazi ya ukalimani katika duka la vipuri vya magari, ghorofani, Kariakoo.

Methali kama hizo tuliziita visawe: maneno tofauti, maana ileile. Wajapani waliozoea kufanya biashara na wageni walipenda kuzitumia, na mkalimani aliyetafsiri neno kwa neno aliacha watu wakikodoleana macho. Mimi nilikuwa nazipenda mno. Nilizisema hata nikipika.

Baadaye nilihamishiwa kwa Mkurugenzi mwenyewe, mzee wa Kiarabu aliyezaliwa na kukulia mtaa uleule. Ndipo ukaja mkutano wa uwakala. Kampuni moja ya Japani ilitafuta duka moja tu la kuuza vipuri vyake nchi nzima, na jirani yetu wa mtaa wa pili alikuwa ameshaonana nao. Kama tungeukosa uwakala huo, tungebaki kununua kwake.

Mkurugenzi alieleza ombi lake, nikatafsiri. Mgeni, Mkuu wa Mauzo ya Nje wa kampuni hiyo, akafumba macho na kunyamaza. Akanyamaza kweli.

Kariakoo, mteja akinyamaza ujue anaondoka, nawe unapunguza bei kabla hajafika mlangoni. Mkurugenzi akaanza kutokwa jasho. Akaninong'oneza, "Mwambie basi, hata nusu ya nchi inatosha!"

"Bosi, subiri. Kwao kunyamaza ni kufikiri. Hajakataa."

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Ukikosea, kesho usije."

Niliogopa, nisiseme uongo. Chini barabarani wachuuzi walikuwa wakinadi mashuka, na ndani hakuna aliyekohoa. Hatimaye mgeni akafumbua macho: "Ishi no ue ni mo sannen."

Nikasema, "Hata juu ya jiwe, miaka mitatu."

Meneja wetu wa Mauzo, aliyekaa kando, akaruka. "Jiwe? Anatutukana huyu?"

"Jiwe baridi, ukilikalia miaka mitatu, litapata joto. Waingereza husema subira hushinda. Sisi tunasema mvumilivu hula mbivu. Anauliza kama tutavumilia biashara ikianza polepole."

Mkurugenzi akainuka kitini. "Mwambie marehemu baba alianzia hapo chini, na meza ya barabarani. Hilo jiwe tumelikalia mpaka limekuwa jiko!"

Nikalitafsiri lote na jiko lake. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasimama, akainama, akampa Mkurugenzi mkono. Uwakala wa nchi nzima ukawa wetu.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiambia simu inatafsiri kila kitu, nami siwabishii; ni chombo kizuri, waitumie. Lakini nikipita mtaa ule nikaliona bango la uwakala bado liko juu, natembea kifua mbele. Katika Kariakoo nzima, nionyesheni mwingine aliyewahi kumnyamazisha mfanyabiashara, naye akatoka na faida!